Vidole Vinne vya Hewa

Kwa miaka tisa nilimjua mtu huyu kwa mgongo. Sura yake ningeweza kuipoteza katikati ya watu wa soko la Owino, Mungu anisamehe, lakini mgongo ule siwezi. Koti zito la askari, kijani iliyochakaa mpaka ikawa kahawia, na chini ya bega la kushoto mshono uliofumuka urefu wa kidole. Kila asubuhi niliutazama ule mshono nikajiambia, leo nikitoka sokoni nanunua uzi. Sikununua. Mimi ni mtu wa kesho, na kesho zangu zimeniponza, nitafika huko.

Tulimwita Afande. Jina alikuwa nalo, na mke wake alimwita Baba, lakini pale stegi yetu ya Kasubi, kituo cha pikipiki za abiria, kwa wachuuzi, kwa imamu, hata kwa askari wadogo ambao wangeweza kuwa wajukuu zake, alikuwa Afande basi. Zamani alikuwa askari wa pikipiki, yule anayebeba barua na amri kutoka ofisi moja hadi nyingine, na sidhani kama ipo siku aliyoamini kwamba barua ya mwisho imeshafika. Kustaafu walimstaafisha. Kumtuliza hawakuweza.

Mimi nauza samaki. Nimekulia kambini, baba yangu alikuwa askari, na Kiswahili ndicho kilichotulea watoto wa makabila yote tuliochota maji bomba moja, ndiyo maana mimi na Afande tulielewana bila kutafutana. Kila alfajiri alinichukua nyumbani Kasubi, tukakata mji mzima mpaka Ggaba ziwani kupokea mitumbwi, halafu tukarudi Owino na kreti la ngege, ndiyo sato, limefungwa nyuma yangu, barafu ikinidondokea kiunoni. Na wanaosema Kampala haina baridi, hao wamelala. Waje wapande pikipiki saa kumi na moja na nusu, msimu wa mvua, wateremke lile bonde la mwisho kabla ya ziwa. Upepo unakupokea kwenye magoti. Mimi magoti yangu yalikuwa yameanza kulia kwenye ngazi za sokoni kabla sijafika hata miaka arobaini.

Kabla yake nilibebwa na wengi. Vijana wa haraka, wanakimbiza chombo utadhani wanafukuzwa, ukifika Ggaba huwezi kusimama, unashuka umekunjamana kama shati. Afande siku ya kwanza hakuniuliza hata naenda wapi. Alitazama miguu yangu. Nilikuwa nimekaa upande, kama tunavyokaa wanawake hapa, miguu yote miwili kushoto, kitenge kimebanwa vizuri.

"Mama, wewe hapana kaa hivyo," alisema. "Kaa kama mwanaume."

Nikamtazama. Mzee wa kofia ya msikitini, ndevu nyeupe, ananiambia nipanue miguu kwenye pikipiki barabarani. Nikamuuliza kama ana akili timamu.

"Kesho vaa suruali chini ya kitenge. Leo nakubeba hivi. Kesho ukikaa upande, sibebi."

Na kweli, kesho yake nilipokaa upande alizima injini, akashuka, akaanza kufuta taa kwa kitambaa mpaka nikarudi ndani kuvaa suruali ya mume wangu. Majirani walicheka wiki nzima. Lakini nilipokaa kama alivyotaka, magoti yangu yakaingia nyuma ya magoti yake, na magoti yake yalikuwa nyuma ya ngao. Tulipoteremka lile bonde nikangoja upepo. Haukufika.

Sasa nizieleze hizo ngao, maana bila hizo huyu mtu hasemeki.

Ni mabamba mawili, moja kila upande wa injini, yamefungwa kwenye bampa, kile chuma kilichopinda mbele kinachokinga injini pikipiki ikianguka. Yanaanzia juu kidogo ya goti, yanashuka mpaka kwenye vidole vya mguu. Upepo ukija unayagonga, unapita pembeni. Tope likiruka linaishia hapo hapo. Na joto la injini, badala ya kupeperuka, linazubaa kwanza kwenye miundi yako kabla ya kwenda zake. Kitu chenyewe si cha ajabu, pikipiki kubwa za zamani za serikali zilikuja nazo kutoka kiwandani, ndiko alikojifunzia utamu wake. Ajabu ilikuwa yeye, kwamba hakuweza kuziacha. Alizitengeneza kwa bati la paa. Bati likapiga kelele, akalitoa. Akakata jerikani ya njano ya mafuta ya kupikia, ikawa nzuri, nyepesi, lakini jua liliikunja ndani ya miezi miwili. Akaja na mlango wa friji iliyokufa. Wakati mmoja aliokota kibao cha saluni kilichong'olewa barabarani, akakikata katikati, na kwa msimu mzima mguu wake wa kushoto ulitembea mjini na kichwa cha mwanamke aliyesukwa vizuri, wa kulia na namba ya simu iliyokatika. Watu walikuwa wakimpungia mkono. Alidhani wanasifia kazi.

Kila moja ilikuwa bora kuliko iliyotangulia, na hakuna iliyodumu, si kwa sababu iliharibika. Yeye ndiye aliyeiharibu. Tukifika Ggaba, mimi nikienda kubishana na wavuvi, alikuwa ameshatoa spana mfukoni. Spana yake ilikaa mfuko wa shati, pale wengine wanapoweka kalamu. Analegeza hapa, anakaza pale, anasogea hatua tatu anaitazama kwa jicho moja, anarudi kulegeza alichokaza. Nikija na samaki nakuta ngao moja iko chini.

"Afande, tutachelewa."

"Dakika mbili, Mama."

Dakika mbili za Afande ningeweza kupara samaki kumi.

Na kitu kingine kilichowachekesha watu wa stegi: ngao ya kushoto ilikuwa daima pana kuliko ya kulia. Kiganja kizima zaidi, na imepinda kwenda nje kama sikio. Akiwatengenezea wengine, ilikuwa hivyo hivyo. Kwenye jamu ilikwaruza magari, ilikwaruza watu, mara moja ilichukua kikapu cha nyanya cha mama mmoja pale karibu na Owino, na Afande akashuka kuokota nyanya zote huku mji mzima ukipiga honi. Vijana walimwambia, Mzee, sawazisha, huku kushoto ndiko tunakopenya. Akawajibu kwamba abiria wao wengi ni kina mama, na kina mama wanakaa kushoto.

"Wewe dereva umejificha," aliwaambia. "Yeye nani anamficha?"

Wengine walikubali. Wengine walikwenda kuzikata kwa msumeno kisirisiri, na alipowaona barabarani alitikisa kichwa njia nzima, mgongo wote ukitikisika, mimi nyuma yake nikishikilia kreti.

Nimesema hakutulia. Chai alikunywa wima, na hakumaliza kikombe hata siku moja, nusu aliimwaga chini akisema imepoa. Kiti akipewa alikishika mgongo wake kama anayetaka kukinunua. Yeye alikuwa wa msikiti na mke wake wa kanisa, na Jumapili alimpeleka mkewe ibadani kwa heshima zote, akamshusha mlangoni, halafu badala ya kungoja kama waume wengine alizunguka. Anazunguka mtaa, anapita mbele ya kanisa, anatokomea, anapita tena. Padri alisema ndani ya kanisa walijua mahubiri yamekuwa marefu kwa kuhesabu injini ya Afande. Nilimwona ametulia kwenye swala tu. Pale alikuwa mtu mwingine kabisa, paji la uso chini, kimya. Akitoa salamu ya mwisho, mkono uko mfukoni unatafuta spana.

Na alikuwa mkali, msifikiri nawaletea mzee wa peremende. Juu ya injini hakuwa na mchezo. Sheria yake ilikuwa vidole vinne. Kati ya ngao na injini lazima vidole vinne vya mkono vipite vikiwa vimelala, hewa iingie, ipooze chuma. Alipima kwa mkono wake mwenyewe kila asubuhi kabla hatujaondoka, halafu akagonga kofia ya chuma mara mbili, ko ko, ndipo tukaenda. Siku moja kijana wa stegi aliyetengenezewa ngao aliona baridi bado inapenya pale kwenye nafasi. Akaziba kwa gunia na maganda makavu ya mgomba. Akapata joto zuri sana, alisema baadaye, alikuwa kama amekaa jikoni. Akiwa katikati ya mlima na abiria wawili injini ikakaza, ikakwama kabisa. Wakaisukuma mpaka stegi.

Afande alizitoa zile takataka moja moja, akazipanga chini mbele ya watu wote. Kisha akasema, "Hii injini ni kama mtu. Inapumua. Wewe umeziba mdomo yake ili mguu yako isikie raha." Kijana akaomba msamaha. "Hapana omba mimi. Omba hiyo." Akamlazimisha, na mtu mzima yule mwenye watoto akaiomba pikipiki msamaha mbele ya stegi nzima. Hakuna aliyecheka mpaka Afande alipoondoka.

Mimi nilikuwa namchokoza kwamba ana wake wawili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa magurudumu. Hakupenda. Mgongo ulinyooka, akaongeza mwendo kidogo, ndivyo nilivyojua nimegusa palipo na kidonda.

Maneno yake mengi nimeyasahau, lakini moja liko. Alilisema tukiteremka lile bonde, bila kugeuka, kwa hiyo nililisikia nusu kutoka kwake na nusu kutoka kwa upepo. "Baridi haina haraka, Mama. Haikukamati barabarani. Inatangulia nyumbani inakungoja uzeeke." Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Wazee wana maneno.

Sasa mke wake.

Nilimfahamu mwaka wa saba, mwanzoni alikuwa ni mkono tu unaofunga mlango nyuma ya Afande. Ijumaa moja nilibaki na ngege wawili wazuri, nikasema nimpelekee Mama, mke wa Afande. Afande mwenyewe alikuwa amenishusha na kuondoka kwenda kutazama ngao ya mtu kule Nateete. Nikamkuta Mama kwenye mkeka, ameegemea ukuta, miguu imenyooshwa mbele, kila goti limezungushiwa sweta kuukuu, mikono ya sweta ikiwa ndiyo kamba. Mwanamke mzuri, mpana wa uso, wa kutoka kaskazini, sauti ya kwaya.

"Wewe ndiye binti wa samaki," alisema. "Wewe ndiye unayekaa kama mwanaume."

Nikaona haya. Nikasema ni Afande aliyenilazimisha.

Akacheka mpaka akajifuta macho. Halafu akanieleza, na alieleza bila uchungu, kama mtu anayekuonyesha picha. Walipokuwa bado vijana walihamishiwa Kabale, kule milimani, ambako asubuhi maji ya ndoo yanauma mkono. Yeye alipika kwenye zahanati juu ya kilima, na kila alfajiri mumewe alimpeleka kwa pikipiki yake mwenyewe, aliyoifungia ngao kama za kazini. Miaka sita. Mume mbele, amejificha, amepata joto. Mke nyuma, upande, miguu yote miwili nje kwenye ukungu.

"Nikamwambia, Baba, acha nivae suruali, nikae kama wewe, na mimi nijifiche. Akasema, mke wa askari hakai hivyo. Watu watasema nini?" Akayapapasa yale masweta. "Nikakaa upande. Nilikuwa mke wa askari."

Daktari, alisema, hajataja baridi hata kidogo. Daktari amesema ni magoti tu, ni umri, ni uzito, huwapata wengi. Lakini Afande daktari hamsikii. Afande ameshajihukumu, tena bila kumuuliza aliyekosewa.

"Mimi nimemsamehe zamani," alisema. "Lakini hawezi kuyatazama. Akiyaona haya magoti anachukua spana anatoka. Anakwenda kuwatengenezea wake za watu." Kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko nilivyotarajia. "Binti, samaki wako nashukuru. Lakini mimi sitaki samaki. Nataka huyu mtu akae. Asubuhi ndiyo inaniuma, asubuhi siwezi kusimama mwenyewe, na asubuhi ndiyo yuko na wewe Ggaba. Mimi nikimwambia, anasema ana kazi. Kazi yenyewe ni wewe. Mwambie umepata mwingine."

"Nitamwambia, Mama."

Nilisema hivyo, nikala na ugali wake, nikaenda.

Na sikumwambia. Hapa sina pa kujificha. Kesho yake aliponipigia honi nilitoka na suruali yangu chini ya kitenge, nikapanda, nikaweka magoti yangu nyuma ya yake. Nikajiambia nitasema tukifika. Tulipofika kulikuwa na samaki wengi. Nikajiambia Ijumaa. Ijumaa mvua ilinyesha, na nani anamwacha dereva wake siku ya mvua? Hivyo hivyo, mwezi, miezi, mwaka ukapinduka, ukaanza wa pili. Nilipomkuta Mama nilimwambia Afande ni mbishi, na hilo halikuwa uongo, lakini pia halikuwa jibu. Yeye aliniambia, "Endelea kumwambia," na mimi nikaitika. Kila asubuhi nilipita na mumewe kwenye lile bonde nikiwa na joto, na lile joto lilikuwa la Mama.

Ilianza kunisumbua. Nikawa mkali sokoni, nikagombana na wateja wa miaka mingi. Nikishuka pale Owino sikumwangalia usoni. Si nimesema nilimjua kwa mgongo? Ulinifaa, mgongo.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imeanza usiku ikakataa kukoma. Tulichelewa Ggaba, si kwa mvua, bali kwa sababu Afande aliona pikipiki ya mtu asiyemjua, ngao zake zimefungwa kwa kamba ya manila, akashindwa kuvumilia. Akatoa spana. Dakika mbili. Nilisimama chini ya bati la wachuuzi nikijua kabisa, kwa saa ile, kuna mtu Kasubi anajaribu kuinuka. Nikanunua mandazi.

Mama alikuwa ametaka kuwasha sigiri ya makaa apate joto. Aliteleza kwenye kizingiti cha jiko, sakafu ikiwa maji, akakaa hapo chini mpaka jirani aliposikia anaimba. Hakupiga kelele, aliimba, ndivyo alivyo. Hakuvunjika, Mungu mkubwa, lakini goti la kulia lilivimba kama papai. Hayo niliambiwa jioni na vijana wa stegi. Afande hakunipigia hata simu.

Nikalala nikijua kesho hatakuja. Nikajisikia nafuu, hebu fikiria, nikasema sasa mambo yamejimaliza yenyewe bila mimi kufungua mdomo.

Saa kumi na moja na dakika kumi nikasikia honi.

Nilitoka nje na kanga ya kulalia. Alikuwa juu ya pikipiki, koti, kofia, kila kitu, vidole vinne vikipima nafasi ya injini.

"Mama umemwacha na nani?" nikamuuliza.

"Jirani yuko. Panda, tutachelewa."

Basi ndipo nilipompasukia, mimi, mwenye kosa, nikampasukia mzee wa watu mbele ya nyumba yangu. Nikamwambia ni mtu wa aina gani anayemwacha mke na goti limevimba kwenda kubeba muuza samaki. Nikamwambia mkewe hana haja ya ngao, ana haja ya mtu. Na katika hasira ile likatoka lenyewe: "Alisema ukae naye. Aliniambia mimi nikuambie. Aliniambia tangu mwaka juzi."

Akazima injini. Akageuka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikaiona ile sura, ndogo kuliko nilivyoikumbuka, macho mekundu ya upepo.

"Mwaka juzi?" alisema.

Angenitukana ingekuwa afadhali. Aliivuta kofia yake vizuri, akaigonga mara mbili, ko ko, akageuza pikipiki, akaenda zake polepole. Nilimtazama mpaka kona, ule mshono bado umefumuka.

Miezi minne sikukanyaga kwao. Nilipata kijana mwingine, ana mwendo mzuri, hana ngao. Nilipanda kama mwanaume, mazoea, nikaukuta upepo wote kwenye bonde unaningoja. Nilisema nastahili. Vijana wa stegi walisema Afande haonekani. Wengine walisema anaumwa, mmoja akaapa kwamba injini yake inasikika nyumbani kila asubuhi, inanguruma na haiendi popote. Walidhani akili imeanza kumwacha.

Halafu Jumamosi moja, manyunyu, baridi ya kuingia ndani ya mifupa, nikachagua ngege wanne wakubwa nisiwauze. Nikanunua na uzi wa kijani. Nilifika kwao yapata saa moja asubuhi na nikaisikia injini kabla ya kufika getini, na moyo ukaniwaka. Nikasema, kumbe bado, kumbe mzee huyu anatoka tena. Nikasukuma geti kwa nguvu, tayari nina maneno.

Pikipiki ilikuwa chini ya kibaraza, imesimamishwa kwenye stendi yake kubwa, gurudumu la nyuma haligusi chini, benchi limesogezwa kando yake la kupandia. Injini inanguruma. Aliyekaa mbele, mahali pa dereva, mikono kwenye usukani, alikuwa Mama. Amevaa suruali ya zamani ya askari, imekunjwa chini. Amekaa kama mwanaume, miguu kila mmoja upande wake, magoti yote mawili nyuma ya ngao, bila sweta.

Na nyuma yake alikaa Afande. Alikaa upande. Miguu yote miwili kushoto, imening'inia pamoja, viatu vikidondokewa na manyunyu yanayotoka kwenye paa, mikono imeshika kiuno cha mkewe ili asianguke. Koti lilikuwa limeshonwa pale begani, kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo ya mtu mwenye subira.

"Karibu, binti," Mama alisema. "Tunakwenda Kabale."

"Mmefika wapi?" nikauliza.

"Bado hatujatoka. Huyu abiria ni mzito."

Nikasogea kuwaamkia, na hapo nikaona ile nafasi. Vidole vinne vya hewa havikuwepo. Nafasi ilikuwa imezibwa pande zote mbili kwa matambara na yale masweta ya zamani, yameshindiliwa kwa mkono unaojua kazi, mpaka joto lote la injini halina pa kwenda ila kwa magoti ya yule mama. Chuma kilikuwa kinanuka moto. Hata mimi muuza samaki nilijua harufu ile.

"Afande," nikasema, "itakufa hii."

"Najua."

"Si wewe uliyesema inapumua?"

"Inapumua," alisema. "Imekimbia sana pia." Halafu akaniangalia, sura yote, hakuwa na haraka. "Weka samaki ndani, binti yangu. Chai iko."

Binti yangu. Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko, pale pale alipoangukia Mama, nikaanza kupara wale ngege maana sikujua nifanye nini na mikono. Uzi wangu wa kijani ulibaki kwenye mfuko. Kando yangu palikuwa na kikombe cha chai cha Afande, nilikijua kwa mpini uliokatika, na kilikuwa kitupu mpaka chini.

Nilikuwa kwenye samaki wa tatu injini ilipoanza kugonga. Kwanza taratibu, kisha mlio ule mkavu wa chuma kinachosaga chuma, mlio ambao zamani ungemtoa msikitini. Mama hakuusikia, au aliusikia, alikuwa amefumba macho. Nikamwona Afande akiinua kichwa. Nikaona mkono wake wa kulia unaondoka kiunoni kwa mkewe, unapanda, unaingia ndani ya koti kwenye mfuko wa shati. Ukakaa humo kidogo. Kisha ukatoka mtupu, ukarudi ulikokuwa.